Mbwa Aliyefundishwa Kutomgusa Mtu

Miaka ile ya hamsini, uhuru ukiwa bado ni habari ya kunong'onezana, nilikuwa mke mpya katika kijiji cha wakulima ukingoni mwa Mto Tana, mwendo wa asubuhi nzima kwa mtumbwi kutoka Garsen. Mume wangu alikuwa akivuta kamba ya kivuko huko Garsen na kurudi nyumbani mara mojamoja. Kwa hiyo mahindi yalikuwa juu yangu. Kutwa nilikaa juu ya dungu, ulingo wa kulindia shamba, kombeo mkononi, nikipigana na tumbili na nyani, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa ya miezi minne. Ngazi ya dungu ilikuwa miti miwili iliyofungwa kamba. Nilikuwa nimeshateleza mara mbili.

Siku moja mume wangu akashuka mtumbwini na kikapu cha ukindu kinachotikisika. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa, rangi ya mchanga mbichi, masikio makubwa kuliko kichwa. Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilimwona tayari akiwafukuza nyani, na mimi nikiwa chini kivulini, nimenyoosha miguu.

Baba mkwe hakucheka. Alikuwa mtu wa sala tano, kanzu yake nyeupe hata msimu wa matope, na yule mbwa alipotolewa tu kikapuni alimkimbilia na kulilamba pindo lake. Tuliifua kanzu ile mara saba, mara moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka, na aliyeifua ni mimi. Nilipomaliza aliniita.

"Mbwa wa shamba dini haimkatai, mwanangu," akasema. "Mbwa asiye na adabu mimi namkataa."

Akanipa muda hadi kiangazi, Waorma watakapoteremsha ng'ombe wao kunywa. Malka, ile njia ya ng'ombe ya kuendea mtoni, ilipita ubavuni mwa shamba letu. Mbwa mmoja akibweka pale, kundi zima lingetawanyika ndani ya mahindi, na sisi na wafugaji tungegombana mwaka mzima. Kama hadi siku hiyo mbwa atakuwa anarukia watu au kusumbua mifugo, ataondoka, nami nirudi juu ya dungu na tumbo langu.

Hakuna aliyewahi kunifundisha kufundisha mbwa. Juma la kwanza nilipiga kelele, maana mimi hasira zangu ziko karibu. Nilichomfundisha ni kwamba naweza kupiga kelele. Alikuwa akinitazama nikifoka huku mkia ukienda, kisha ananirukia. Siku moja nilichoka, nikampa mgongo. Akasimama. Nikageuka, akaruka, nikampa mgongo tena. Mara ya nne akakaa kitako mwenyewe, na mimi moyo ukanienda mbio kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani.

Kuanzia hapo nililaza kafi la mtumbwi chini kati yetu. Akivuka kafi, nampa mgongo. Akikaa upande wake, namrushia ukoko wa ugali au kipande cha kambare mkavu. Aliweza kwa siku tatu. Nikaondoa kafi, akaendelea kukaa mbali kadiri ileile. Nilipiga vigelegele peke yangu shambani, nyani wakakimbia bila kuambiwa.

Kazi ngumu ilikuwa watu wengine. Nilimwomba wifi yangu apite na mtungi wa maji kichwani, asimtazame wala kumsemesha. Kutosemesha ndiko kulikomshinda. Alipita mara ya kwanza akiwa amebana midomo, mara ya pili akapasuka kicheko na maji yakammwagikia. "Wifi," akaniambia, "kaka yangu naye unamrushia ukoko akikaa vizuri?" Nikamjibu kwamba kaka yake bado hajaweza kukaa. Lakini alikuja kila siku, na baadaye akaleta wenzake, na watoto wenye kukimbia, na bibi mmoja mwenye mkongojo. Mbwa akajifunza kwamba binadamu wapo wa kila namna, wote wanapita, na hakuna hata mmoja wa kuguswa.

Ng'ombe nilimwonyesha kwa mbali. Waorma wachache walikuwa na ng'ombe wa maziwa karibu na kijiji, basi nilimfunga kamba tukakaa mbali, mahali ambapo ng'ombe walionekana wadogo kama mbuzi. Kila siku tulisogea hatua chache. Akitetemeka, tunarudi nyuma. Mimba ilikuwa ya miezi saba nilipoweza kumfungua kamba karibu na ndama akabaki amekaa. Shambani, kumbe, nyani walikuwa wameshaanza kutuheshimu.

Kiangazi kikaingia. Asubuhi moja tuliona vumbi, tukasikia kengele za mbao, na kijiji kizima kikatoka kutazama, maana habari ya mtihani wangu wifi alikuwa ameshaitangaza kila nyumba. Baba mkwe alisimama malka pamoja na mzee wa Kiorma aliyeongoza kundi. Mimi nilikuwa ukingoni mwa mahindi, mbwa amekaa mbele yangu, hana kamba.

Walipita. Pembe, vumbi, vijana wakipiga miluzi, wanawake na vibuyu vya maziwa. Nilihesabu pumzi zangu. Mbwa alitetemeka mabega, nikamwambia taratibu, "Tulia." Akatulia. Ndipo ndama mmoja mwekundu akajitoa kundini, akaja moja kwa moja hadi kwake, akamnusa, kisha akamlamba uso wote, kutoka kidevuni hadi sikioni. Mbwa hakusogea. Aligeuza macho tu kunitazama, kama anayeuliza hili nalo limo katika mafunzo.

Watu walilipuka kwa kicheko. Mimi nilicheka nikilia. Ndama akachoka, akamrudia mama yake, na hakuna hindi hata moja lililokanyagwa.

Mzee wa Kiorma akaja, akamzunguka mbwa akimtazama, na mbwa akajivuta pembeni kila mzee alipokaribia. "Mbwa hii iko na akili," akamwambia baba mkwe. "Mimi nataka. Nakupa mbuzi ya maziwa."

Mbuzi wa maziwa, na mtoto yu njiani! Nilimtazama baba mkwe, roho juu. Yeye alilikusanya pindo la kanzu yake mkononi, akamtazama mbwa.

"Huyu hatoki," akasema. "Ni wa kwetu."

Nilitaka kumkumbatia baba mkwe, jambo lisilowezekana, basi nikamkumbatia wifi hadi akalalamika. Siku hiyo sikuweza kula. Nilizunguka shamba lote nikiimba, mbwa nyuma yangu, na kila mstari wa mahindi nilimwambia kwamba amefaulu.

Alasiri watu walipotawanyika tulibaki wawili, mimi na mbwa. Nilikuwa nimeshaamua kwamba leo, mara moja tu, nitamkumbatia, na kuoga mara saba nitaoga kwa furaha. Nikapiga magoti, nikanyoosha mikono, nikamwita kwa kugongagonga ulimi. Alikuja mbio, mkia ukimtikisa mwili mzima, kisha akasimama ghafla, akakaa. Nikamwita tena. Alilia kidogo, akalala kifudifudi, lakini hakuongeza hata hatua moja. Nilikuwa nimemfundisha asimguse mtu, na katika hesabu zangu zote nilisahau kwamba na mimi ni mtu.