Mbao Kwenye Mkanda wa Moto

Fundi seremala alikuwa na ulimi mwepesi. Ukimfuata umefura, anakutania hadi unasahau kilichokuleta. Karakana yake ilikuwa ya mwisho mtaani. Kati yake na msitu wa misonobari palikuwa na mkanda wa moto: hatua kumi na tano za ardhi tupu, ambayo mtaa mzima uliipalilia kila kiangazi ili moto ukitoka msituni ukose pa kukanyaga.

Dada yake mkubwa, mjane aliyekaa nyumba iliyofuata karakana, ndiye aliyewatoa watu ndani kwenda kupalilia. Lakini miaka tisa ilipita bila moto, majembe yakapungua. Fundi naye, kuona ardhi imekaa bure, akaanza kupanga humo mabanzi na magunia ya maranda.

"Mdogo wangu, hapo si ghala."

"Dada, huo moto unaotuimbia kila mwaka, umekosa nauli?"

Majirani wakaangua kicheko. Hata dada alitabasamu, na tabasamu lile ndilo linalomchoma fundi mpaka leo, kwani alilichukua kuwa ruhusa.

Moto ulikuja saa nane mchana, upepo ukiusukuma mgongoni. Penye ardhi tupu ulijikunja ukafa. Penye mbao za fundi haukuvuka, ulivushwa. Cheche ziliiruka karakana kana kwamba hazikuiona, zikapenya kwenye dari ya dada. Alitoka na nguo aliyovaa, basi.

Hakuna aliyemnyooshea fundi kidole. Wangemnyooshea vipi, na majembe yao yameota kutu? Dada akaenda kukaa kwa binti yake mjini. Fundi akaacha kazi za watu, akajenga nyumba ile upya kwa miezi mitano, kisha akamwita, akamkabidhi funguo.

Dada alipapasa fremu ya mlango taratibu.

"Kazi safi. Hapa sina neno."

"Basi rudi nyumbani, dada. Mkanda nimeulima mwenyewe, mweupe pe!"

"Nimeuona." Akatazama misonobari. "Nyumba umejenga, mdogo wangu. Usingizi wangu utaujenga kwa mbao gani?"

Hakuwa na hasira. Alimrudishia funguo, akauliza basi la jioni linapita saa ngapi. Fundi alimsindikiza hadi kituoni, akimbebea begi. Lilikuwa jepesi mno kwa mtu aliyeishi miaka sitini.