Mama Mélanie Haondoki Kabla ya Kuingia Chini ya Kamioneti

Jua halijapanda vizuri juu ya Likasi, na mama Mélanie amelala chali chini ya kamioneti yake, kitenge amekikaza kiunoni. Mafuta meusi kama lami yanatiririka kutoka kwenye injini na kuingia katika beseni kuukuu. Mkono wake mmoja unajitokeza nje, unapapasa hewani.

"Weye Urbain, leta ufunguo kubwa. Hapana ile! Kubwa, nasema!"

Urbain, mdogo wake ambaye ndiye dereva, anamsukumia spana kwa ncha ya kiatu. Kule Mwadingusha wavuvi wanawasubiri na samaki wao, na kwa hesabu yake saa hii yeye na dada yake wangekuwa wamekwisha pita Koni, njiani.

"Yaya, motoka iko natembea," anamlalamikia dada yake. "Juu ya nini kuifungua kila posho, kila wiki? Posho imeisha, weye unafungua tena!"

"Hata siku ile ilikuwa natembea," sauti inamjibu kutoka chini.

Urbain anainama, anasogeza beseni.

Kwenye karatasi za serikali, tangu majina ya Kizungu yapigwe marufuku, mama huyu ni Ngoie Kyalwe. Sokoni hakuna anayemjua kwa jina hilo. Kwa miaka tisa alileta samaki mjini akiwa juu ya mizigo ya malori ya watu. Lori likiharibika njiani, samaki waliharibika nalo, na wenye malori hawakuwahi kumwambia hata pole.

"Nilichoka kuomba nafasi kwa motoka ya bantu," anasema.

Ndipo kiangazi kilichopita alipoinunua kamioneti hii kwa mjenzi mmoja aitwaye Casimir. Mzee huyo alijipiga kifua mbele ya mashahidi: "Mama, hii ni ya kupanda na kwenda tu. Hapana kuigusa!" Mama Mélanie akapanda, akaenda, wala hakuigusa. Leo akilitaja jina la Casimir hutema mate pembeni.

Mkanda wa feni ulikatika jirani na Kakontwe, na walipoutazama wakakuta si mkanda, ni kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Baada ya hapo rejeta ikachemka. Ilikuwa imejaa tope. Injini nayo ilikuwa inakula mafuta kama mlevi. Kila mara Urbain alifunga waya, akaongeza hiki au kile, safari ikaendelea.

"Na minye nilimusifu," anasema mama Mélanie, akitoka chini ya gari na grisi shavuni na kumwelekezea Urbain kidole. "Nilimusifu mbele ya bantu yote!"

"Siku ile" aliyomtajia Urbain ilikuwa mwezi Machi. Walikuwa wanarudi kutoka Mwadingusha, gari limejaa, na juu ya vikapu ameketi Suzanne, mchuuzi mwenzake tangu enzi za malori. Kwenye mteremko wa kuelekea Koni, Urbain alikanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni. Akavuta breki ya mkono. Waya wake ulikuwa umekatika siku nyingi. Hakubaki na la kufanya ila kukata kona porini na kuigongesha kamioneti kwenye kichuguu kirefu kuliko nyumba.

Kichuguu kiliwaokoa. Lakini Suzanne alirushwa, akaanguka na kuvunjika mtulinga.

Mama Mélanie anakumbuka kwamba alifungua kikopo cha mafuta ya breki na kukuta povu. Akachovya kidole, akanusa. Sabuni.

"Nani alitia mayi ya sabuni humu?"

"Minye," Urbain akajibu, ameketi mavumbini.

Breki zilikuwa zinavuja tangu siku ya kununua, na mafuta yake yalikuwa yameadimika madukani. Mama Mélanie alimnyanyukia kwa matusi, na mdogo wake akamwacha amalize, kisha akasema: "Yaya, kila siku unasema lazima tutoke. Ningekuambia breki imekufa, ungekubali kubakia?"

Mama Mélanie aligeukia vikapu vilivyomwagika.

"Suzanne alikuwa analia pale," anasema polepole, "na minye nilikuwa nahesabu samaki."

Kamioneti ilikaa juu ya mawe miezi mitatu. Fundi Floribert alikataa kuitengeneza mpaka mwenye mali avae ovaroli. Alimwambia kwamba aliyenunua gari kuukuu, safari yake ya kwanza ni ya gereji: umwage mafuta yote ya zamani, ubadilishe kichujio, mkanda na mipira ya breki, ukague magurudumu na mabomba ya maji, hata kama muuzaji ameapa kwa jina la mama yake. Vipuri vingine vilitafutwa mpaka Lubumbashi.

Tangu hapo kila wiki ana siku ya kukagua. Baadhi ya wateja wamemkimbia kwa sababu ya ucheleweshaji. Madereva stendi wanamcheka kwamba mumewe ni kamioneti.

"Bacheke," anasema.

Sasa amekwisha mimina mafuta mapya. Anamwamuru Urbain akanyage breki, naye anazunguka, akiinama kwenye kila gurudumu. Kwenye la nyuma kulia anasita. Anapitisha kidole upande wa ndani, anakiinua juani. Kimelowa mafuta ya breki.

"Leo hatutoki."

"Yaya! Na samaki?"

"Samaki ioze!"

Urbain anatupa kofia chini, anazunguka ua mzima akilalamika kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiluba, kila lugha kwa zamu yake. Kisha anakwenda kuleta jeki.

Mama Mélanie anasema kabla mvua hazijaanza anataka kupata leseni. Jioni hujifunza kwenye uwanja mtupu, Urbain akimfokea naye akimfokea vilevile. Sababu yake ni Suzanne, ambaye mfupa umeunga lakini hajapanda tena kamioneti hii, hata kwa kubembelezwa.

"Siku nitaendesha mwenyewe, nitaenda kumuchukua kwake ku nyumba," anasema, akijifuta mikono. "Atakaa ku mbele, pembeni yangu. Ku vikapu hapana tena. Akiogopa, atasema tu 'simama'. Na minye nitasimama."