Siku Niliyosafisha Chupa za Mbegu

Nilipomtoa binti yangu shuleni alikuwa na miaka saba na hajui kusoma. Kila asubuhi alitapika chai kabla hatujafika langoni, na mwalimu alisema atazoea. Hakuzoea. Mume wangu, anayefanya kazi kiwandani Mlolongo na kuja nyumbani Kalama Jumamosi, alikubali kwa shingo upande nimfundishe mwenyewe hadi muhula wa tatu ufunguliwe. Kama hatakuwa anasoma kufikia hapo, atarudi kule kule.

Nilianza kwa vishindo. Nilibandika ratiba na chati ya silabi ukutani, nikanunua kengele, nikamvalisha sare yake na kumsimamisha paredi sebuleni saa mbili kamili, yeye peke yake. Wiki ya pili aliinua mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni, nyumbani kwao. Niliona aibu. Ratiba niliibandua, kengele nikamfunga mbuzi.

Basi nikasema acheze, na akacheza. Alichimba matuta madogo nyuma ya jiko, akayapanda majani na kuyanywesha kwa kikombe. Mvua ya Mei ilipoyabomoa aliyachimba upya, juu kidogo. Mimi nilikaa mlangoni nikihesabu wiki.

Baada ya mavuno akawa anashinda kwa mama mkwe wangu, tunayeishi naye boma moja, ambaye sote humwita Susu, yaani nyanya. Susu ana utaratibu wake na hajawahi kuuandika popote. Anaanza na kuku, kisha anachagua mbegu, anazianika, anazichanganya na majivu zisiliwe na wadudu, halafu anazitia kwenye chupa. Hajaruka hatua hata siku moja. Mtoto ambaye kwangu hakutulia dakika kumi alikaa kwake asubuhi nzima. Nilimwonea Susu kijicho, sitaficha.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mume wangu alipiga simu kwamba anakuja na kitabu cha kumpima mtoto. Nilishikwa na wasiwasi, na mimi nikiwa na wasiwasi nasafisha. Nilifagia, nikapiga deki, nikaingia stoo. Chupa kumi na moja za Susu zilikuwa zimechafuka makaa ubavuni. Nilizisugua zote kwa sabuni, nikazipanga upya kwa ukubwa. Zilipendeza.

Mume wangu alipofika alimfungulia mtoto kitabu. Mtoto alitazama vidole vya miguu yake. Akaonyeshwa ukurasa mwingine, akaendelea kuvitazama.

"Wacha tu," mume wangu aliniambia. "Jumatatu arudi shule."

Wakati huo Susu alikuwa akiita kutoka stoo.

"Nani alifuta chupa? Huyu mtoto alikuwa ameandika zote! Mimi nikitaka ndengu namwambia asome, ananiletea. Macho yangu si munajua. Na hii jivu yote ni rangi moja. Sasa nitajua aje?"

Tuliingia sote. Chupa zilikuwa safi, na ndani yake hakuna kilichoonekana ila kijivu. Mume wangu aliziangalia, akaniangalia mimi, kisha akaokota kipande cha kaa na kumpa mtoto.

"Andika tena."

Alifungua chupa ya kwanza, akamimina kidogo kiganjani, akapuliza majivu, akatazama. Akaandika KUNDE. Ya pili, MBAAZI. Ya tatu, MAHARAGWE YA SUSU. Hakutuuliza kitu. Alipomaliza ya kumi na moja, baba yake alimwomba amsomee zote tangu mwanzo, naye akasoma, akigusa kila chupa kwa kidole cheusi. Mume wangu alirudisha kitabu kwenye mkoba. Habari ya Jumatatu hakuitaja tena.

Mtoto ndiye aliyenigeukia.

"Mami, ulisoma kwanza ndio ukafuta?"

"Sikusoma," nilisema. Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja miezi minne nikingoja asome.

Ratiba imerudi ukutani. Mchana hauna mpango, na matuta nyuma ya jiko sasa yamefika karibu na choo. Lakini kila asubuhi, kabla sijagusa kitambaa cha kufutia, ananishika mkono na kunizungusha kwenye kuta, mawe na ndoo alizoandika jana, nami nasoma kwa sauti mpaka aridhike. Hiyo ratiba ina mstari mmoja tu, ameuandika mwenyewe kwa makaa: SAA TATU MAMI ANASOMA.