Tardivel wa Kalenga na Tardivel wa Chimala

Bartholomeo Tardivel wa Kalenga ni seremala wa vitanda, Mhehe kwa baba na mama, mwenye jina la ukoo la Kifaransa. Wageni wanaotembelea makumbusho ya hapo kijijini hulisoma kwenye kibao cha karakana, wakaingia kutafuta Mzungu. Humkuta yeye, randa mkononi, vumbi la mbao limemjaa ndevuni. Alilionea fahari jina hilo, akiamini nchi nzima hakuna mwingine.

Mpaka binti yake Lea alipochumbiwa na Asukile wa Mbeya. Mshenga alipotaja nasaba ya kijana, ikaonekana bibi yake mzaa mama, Esnath wa Chimala, naye ni Tardivel. Wazee wakaguna. Jina moja damu moja, na damu moja haioani. Posa ikasimamishwa, Lea akashinda analia.

Bartholomeo hakulaza damu. Kesho yake alikuwa Chimala.

Bibi Esnath alimpokea kwa bashasha, akamsimulia aliyoyasikia kwa baba yake. Padri mmoja Mfaransa alilea yatima misheni, na wasiojua ukoo wao aliwaandika kwa jina lake. Hata Ufaransa jina lenyewe ni adimu. Mjukuu wake msomi alisema zamani lilikuwa la utani, la mtu mzito wa kufika.

Bartholomeo, ambaye kitanda kimoja humchukua miezi miwili, alicheka. Lakini hadithi si ushahidi. Kalenga wangesema bibi anamtetea mjukuu wake.

Chakula kikaletwa: wali na maini. Bartholomeo akarudisha mkono.

"Unaogopa nitakulisha sumu?" Esnath aliuliza.

"Hapana, mama. Kwetu maini ni mwiko wa ukoo. Babu alisahau jina la kwao, mwiko hakuusahau."

Esnath alichukua pande la ini, akalitafuna taratibu. "Sisi mwiko wetu kambale. Maini nimekulia."

Bartholomeo akampigia simu mzee Kalinga, mkubwa wa akina Tardivel wa Kalenga, akamweleza.

"Anayala wewe ukiona?" Kalinga aliuliza.

"Hili la tatu."

Kalinga akakata shauri: "Basi huyo si ndugu yetu. Mshenga na arudi."

Esnath alivuta bakuli la maini upande wake, akageukia jikoni. "Leteni maharage," alisema. "Mkwe wangu asishinde njaa."