Siku Ndagala Zilipouzwa Bure

Siku yangu ya kwanza kufundisha programu, katika kituo kimoja cha Bwiza, umeme ulikatika kabla sijafika ubaoni. Nikawasimamisha wanafunzi mbele: huyu awe "bei", yule awe "kilo", kila mmoja ashike karatasi yenye namba. Hicho ndicho tunachoita kigeu, yaani sanduku lenye jina. Aliyewapitia mmoja baada ya mwingine akiwasoma ndiye alikuwa kitanzi, yaani amri inayojirudia. Tulicheka sana, na somo likaingia. Tangu hapo, hata umeme ukiwepo, hakuna aliyegusa kibodi kabla ya kusema kwa mdomo mashine itafanya nini.

Mkurugenzi wa kituo, mtu wa suti na haraka, hakuupenda mchezo ule. Baada ya miezi miwili aliingia darasani.

"Madame, hapa tunafundisha ordinateur ao théâtre? Ijumaa wanionyeshe kazi. Wakishindwa, hii salle naipa washonaji."

Niliogopa. Darasa lile lilikuwa maisha yangu.

Ijumaa alisimama Hadija, binti wa fundi magari wa Buyenzi. Alikuwa amekusanya bei za ndagala, wale dagaa wa ziwani, za kila siku katika soko la Jabe na kuandika programu ya kutafuta wastani. Jibu lilipotokea ukutani kwa projekta, Mkurugenzi akaangua kicheko.

"Ndagala ya bei hii iko wapi? Nionyeshe, niende kununua sasa hivi!"

Hadija hakugusa kibodi. Alianza kuisema programu yake kwa mdomo, bei ya siku moja baada ya nyingine, kama tulivyozoea, mpaka akafika mahali akamgeukia Mkurugenzi.

"Directeur, hapa ni mi nimekosa. Mwezi ukiwa mukubwa, wavuvi hawaendake mu ziwa, juu mu mwangaza ule taa zao hazivutake samaki. Ndagala hazikuwako sokoni, na mi nikaandika zéro. Mashine ikafikiri wanagawa bure."

Akafuta zile sifuri, akaziacha nafasi wazi, akaiamuru programu iziruke. Wastani ukapanda hadi bei tunayoijua sote.

"Bon," alisema Mkurugenzi. "Washonaji watapata salle ingine."

Sasa nimestaafu, na ninalitamani darasa lile kila asubuhi. Juzi nilipita nje ya kituo, umeme umekatika kama kawaida. Dirishani nikasikia sauti ya Hadija, ambaye siku hizi ndiye mwalimu:

"We uko bei. Leo ni mwezi mukubwa. Unashika karatasi gani?"

Mwanafunzi akafikiri, kisha akainua mikono mitupu. Nikalia pale pale barabarani, bila haya.