Mtani Bila Jembe

Kuna siku moja naikumbuka kila ninapoona katuni za vita mnazochora na kutumiana kwenye simu, mwanangu. Nilikuwa kijana, Mbena wa Madaba niliyepanga chumba Mfaranyaki, na nje ya duka la fundi cherehani niliweka ubao wangu wa kuchorea. Wakubwa walikuwa wamepeleka vijana wetu kupigana katika nchi ya watu. Sikuona maana ya vita vile, na bado siioni. Basi nikachora askari anakimbia peku, buti kaziacha nyuma. Watu walicheka mpaka fundi akasimamisha cherehani. Nami kichwa kikavimba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mama Komba, Mngoni wa Ruhuwiko, alikuwa anatoka kanisani. Mwanawe Kasto alirudishwa kutoka vitani huko ndani ya jeneza, na hata arobaini ilikuwa haijafika. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Aliutazama ubao, nami kwa haya nikakimbilia desturi, nikasema ni utani tu, Wabena na Wangoni tumezoeana.

"Mtani hutania msibani akiwa ameshika jembe," alisema polepole. "Kaburi la Kasto ulichimba wewe? Na aliyemtuma, mbona humu simwoni?"

Ukweli ni kwamba aliyemtuma nilimwogopa. Nikamcheka aliyekufa kwa kuwa hawezi kunikamata. Nilifuta ubao kwa mkono wa shati, na aibu ile haijanitoka.

Jumapili iliyofuata nilichora wakubwa wako mezani, wanakula huku wamekunjua ramani, na chini ya meza jozi ya buti tupu. Hakuna aliyecheka. Niliitwa ofisini kwa wakubwa nikahojiwa kutwa nzima, na woga nilikuwa nao, sikufichi. Nilipotoka nilimkuta Mama Komba amekaa kwenye ngazi, ananisubiri. Nikamwamkia tena.

"Marahaba, mtani," akasema.

Mwanangu, vita vya panzi furaha ya kunguru. Basi kalamu yako imtafute kunguru. Mjumbe hauawi, wala maiti hachekwi. Kabla hujachora msiba wa watu, nenda kashike jembe kwanza. Mungu aupe mkono wako huruma mbele ya wanyonge na uthabiti mbele ya wakubwa, na shikamoo yako isikose wa kuiitikia.