Jina Ambalo Baba Hakuniita

Nikisikia harufu ya ngozi ya ng'ombe iliyopakwa mafuta, namkumbuka baba mpaka leo. Mjeledi wake ulinuka hivyo. Alikuwa dereva wa maksai kwenye shamba la Kaburu mmoja, upande wa Soy. Watu wa kambi ya vibarua tulimoishi walimwita Mzee Kimya. Sauti yake waliisikia akiwaita maksai tu: Moshi, Sultani, Msafiri, Malaika.

Mimi jina langu ni Tabitha, lakini baba aliniita Mama. Kwetu, anayeitwa hivyo na baba yake ni mtoto aliyerithi jina la bibi mzaa baba, na aliyelirithi ni dada yangu. Basi niliamini moyoni kwamba jina langu halimpendezi.

Hata mimi lilinitesa. Nilikuwa na kigugumizi, na T ndiyo iliyonikaba kuliko zote. Watoto walinipigia kelele, "Santuri imekwama!" Mdomo wangu ulivyopinda nikikwama kila mtu aliuona. Ya ndani hayakuonekana. Nikitumwa chumvi kwa jirani, njia nzima nilitafuta maneno mengine ya kukwepea hilo "chumvi". Nikifika nilisema, "Naomba ile nyeupe ya mboga," na jirani akanipa unga.

Asubuhi moja maksai waliingia kwenye ngano ya Kaburu. Nilikuwa karibu na geti, nimetoka mtoni na maji. Nyapara akanikamata mkono.

"Nani alifungua geti? Na wewe, jina yako nani?"

Jibu nililijua. Yule maksai Sultani mwenyewe alikuwa ameinua kwa pembe kitanzi cha waya kilichofunga geti. Nilijua pia kwamba jirani zetu walikuwa wamefukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo, wakaondoka na sufuria zao kichwani mvua ikinyesha. Nikafungua mdomo.

"T... T..."

"Mwongo hukwama hivyo," alisema nyapara. "Twende kwa Bwana. Leo mtafunga mizigo!"

"Mpige mgongoni, itoke!" kibarua mmoja akadakia, wenzake wakaangua kicheko.

Ndipo baba akaja, mjeledi mkononi. Alisimama mbele ya nyapara, akafumba macho. Midomo ikamtetemeka, mguu ukapiga ardhi.

"Ta... Ta... Ta..."

Kicheko kikakatika. Nawaambia kweli, hapo ndipo niliogopa kuliko wakati wote. Nilidhani nimemwambukiza kigugumizi changu. Nilitamani anyamaze, hata kama tutafukuzwa.

"Tabitha," alisema mwishowe, jasho likimtiririka. "Anaitwa Tabitha. Anak-k-kwama kama mimi. Si mwongo. Ngoja amalize."

Nyapara aliniachilia. "Hata wewe, Mzee? Miaka yote hii?"

Nikaonyesha kitanzi kwa kidole. "Sultani. K... kwa pembe." Nyapara akaushika ule waya uliopinda, akautazama, kisha akawafokea vibarua wakawatoe maksai kwenye ngano. Hatukufunga mizigo.

Jioni baba aliniita Mama kama kawaida. Kwa siku nyingi baadaye niliogopa kuongea karibu naye, nisimzidishie ugonjwa.

Nilikuwa nimeshakua siku nilipowataja tena wale maksai, kwa sauti, peke yangu. Moshi, Sultani, Msafiri, Malaika. Majina yote ya kuteleza mdomoni. Hakuna hata moja lililoanza kwa T, wala kwa K. Na "Mama" pia ni neno la kuteleza.

Kumbe naye alikuwa akiomba ile nyeupe ya mboga, miaka yote. Jina langu alilitamka siku ile tu, mbele ya watu wale wale aliokuwa akiwaficha kigugumizi chake.